Mwaija wa Mkunga

Mwaija binti Kibwana wa Mbegani hakujaaliwa mtoto, wala hakupata kumzalisha mtu. Kazi yake ilikuwa samaki, tena samaki ambaye wanaume wenye ndevu zao humkimbia: mkunga, mrefu kama nyoka, akaaye pangoni mwa mwamba kichwa nje, akimvizia pweza. Maji ya bamvua yakitoka, Mwaija hufunga kaniki kiunoni akaingia miambani na mkuki wake mfupi. Kidole chake kimoja hakikuwa na ncha. Ujanani aliumwa, akavuta mkono kwa pupa, na meno ya mkunga yameelekea ndani: ukivuta, wajichana mwenyewe. Tangu hapo alijifunza kutulia mpaka samaki aachie.

Sokoni Bagamoyo wachuuzi walizoea kusema, "Kwa mkunga, hakuna kama Mwaija." Maneno hayo yakafika hadi Zinga, ila samaki hakufika nayo.

Basi asubuhi moja, miaka miwili kabla Wadachi hawajatwaa pwani, alitokea mtu mbio mchangani.

"Shikamoo, bibi. Ndiwe Mwaija wa mkunga?"

"Marahaba, mwanangu. Ndimi, lakini leo sina kitu. Maji hayajatoka."

"Njoo hivyo hivyo! Mimi Rajabu wa Zinga. Mke wangu ana uchungu tangu jana alfajiri, na mkunga wetu amekwenda mazishini Miono."

Wanawake waliokuwa wakingoja maji pamoja naye wakaangua kicheko. Mwaija hakucheka. Alimweleza Rajabu ukweli, kwamba yeye ni wa mkunga wa baharini, na yule kijana akaketi mchangani akafunika uso. Mwaija akamwonea huruma. Akamtuma mwenzake mmoja mjini kumwita mkunga wa kweli, kisha akasema, "Inuka. Wa kumshika mkono naye anafaa."

Mlangoni alipokewa na Bi Tabia, mama yake Rajabu. Mwaija alimwambia hapo hapo kuwa yeye si mkunga, na aliye mkunga yuaja. Ndani, Zaina, mke wa Rajabu, alikuwa amelowa jasho, na unyayo mdogo ulikwisha kuchungulia.

"Kimetanguliza miguu," Bi Tabia akasema. "Ni kigego. Kikiishi kitatumalizia nyumba. Nikivute, yaishe, wazee wakakitupe porini kama ilivyo ada."

Akanyoosha mkono avute. Mwaija akamdaka kifundo.

"Usivute!"

Mwaka uliopita, akiwa kwenye maji ya kifuani penye majani ya bahari, alimwona nguva akizaa. Watu humwita samaki kwa kuwa yumo majini, lakini samaki gani hula majani kama ng'ombe, akamnyonyesha mwanawe, akapanda juu kuvuta pumzi? Mwana alitoka mkia kwanza. Mama hakuwa na haraka. Alijinyoosha, akapumzika, akasukuma tena. Kichwa kilipotoka, alimwinua mwanawe kwa pua mpaka juu kwenye hewa.

"Mwana wa nguva hutanguliza mkia," Mwaija akasema, "na bahari haijakauka."

Alimpigisha Zaina magoti, akamshikisha nguzo ya nyumba, naye akakinga mikono chini bila kumgusa mtoto. Ikaja miguu, kiuno, mabega. Zaina alimtukana Rajabu na ukoo wake mzima, na Mwaija akamwambia aongeze. Kisha kichwa kikakwama. Mwaija aliogopa, jamani. Mikono yote miwili ilimwasha kuvuta. Hakuvuta. Alihesabu pumzi za Zaina, na uchungu uliofuata ukakitoa kichwa.

Mtoto alikuwa kimya, rangi ya zambarau. Mwaija akampangusa kinywa, akampulizia puani, akamsugua mgongo, akampulizia tena. Mtoto akalia. Zaina naye akalia.

Bi Tabia alibaki ukutani, mikono kaificha ndani ya nguo. "Wazee wako nje," akasema. "Ada ni ada."

Mwaija akamfunga mtoto kwa kaniki yake kavu, akaketi kizingitini, mgongo kwa hao wazee. "Wa kumtoa atanipitia mimi."

Jua likapanda. Mkunga wa mjini akafika, akamhudumia Zaina, akasema mama mzima. Mwaija hakubanduka. Zaina akaita kwa sauti ya kukatika, "Mama! Huyo ni wa Rajabu. Ni wako."

Bi Tabia akasogea hatua moja, akainama kumtazama. Machozi yakamtoka asiyafute.

"Nipe mjukuu wangu," akasema.

Mwaija alimkaza mtoto kifuani. "Kwanza mwite jina, wasikie hao walioko nje. Mwenye jina hatupwi."

Bi Tabia akainua uso kuelekea uani, kwa wazee, akalitaja kwa sauti kubwa jina la marehemu mumewe: "Mwinyimvua!"

Ndipo Mwaija akamkabidhi.