Picha Kubwa ya Fundi wa Viatu
Juzi nilikuwa studio moja ya picha Kawangware. Mama mmoja aliingia, akampa mpiga picha simu.

"Nikuzie hii picha ya mzee wangu, baba watoto, ile saizi kubwa, na fremu."

Mpiga picha aliitazama, akavua kofia polepole. "Woi! Fundi wa viatu? Si jana tu alinishonea hivi viatu! Pole sana, mama. Mnazika lini?"

"Tuzike nani? Si huyo hapo nje!"

Tulichungulia. Fundi alikuwa akitafuna mahindi ya kuchoma. Tulishusha pumzi sote, kofia ikarudi kichwani.

"Lakini picha kubwa huwa ni ya matanga," mpiga picha akajitetea.

"Hii nataka aione mwenyewe."

Nimemsimulia mke wangu kisa hiki mara mbili. Ukuta wetu bado mtupu.