Maji ya Mwezi wa Kufunga

Wanangu wanapenda maji ya friji. Wanasema ya chungu yananuka udongo. Mimi huyanusa kwanza, na harufu ile hunirudisha kwetu Matungu, mwezi wa Ramadhani, nikiwa msichana mdogo.

Daktari alikuwa amesema nina kijiwe kwenye njia ya mkojo, ninywe maji kutwa. Lakini kaka zangu walikuwa wamefunga, nami nikaona haya kunywa mbele yao. Mchana baba alirudi kutoka kukata miwa, midomo imemkauka. Akateka kikombe chunguni, akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Kunywa, mama. Saumu yako ni hii."

Magharibi nikachuchumaa juu ya kopo la bati, nalia kwa maumivu. Adhana ikasikika ng'ambo ya miwa. Mama akamletea baba uji. Baba akauweka chini, akaendelea kunishika mabega mpaka uji ukapoa. Mwishowe kitu kikagonga bati, kidogo kama punje ya mtama. Nikanyamaza.

Baba akachukua kikombe changu, akanywa maji niliyobakisha.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa sote tumefuturu."