Wakili wa Paka Shume

Tulikuwa wanawake wanne wa mtaa wa Kambarage, na kazi yetu ya kujitolea ilikuwa kuwakamata paka wa mtaani na kuwapeleka kwa bwana mifugo wafungwe uzazi. Mwenye mashine ya kusaga, aliyechoshwa na paka kuzaliana kwenye magunia yake, alitupa muda hadi Jumatatu: paka wote wawe wameshafungwa, la sivyo angewawekea sumu, wote. Majike saba tulimaliza kuwafungisha na hakuna mwanaume aliyefungua mdomo. Tulipomnasa paka shume, dume kubwa lenye sikio moja, mtaa ukawaka.

"Mnamwonea mwenzetu!" walilalamika wanaume wa kijiweni. Kinara wao alikuwa mume wangu.

Nilikasirika mno. Mume wangu huyu ana maksai wanne kijijini kwao, na wote kawahasi mwenyewe huku akipiga mluzi. Nikamuuliza, na wale je?

"Wale wanalima," akajibu. "Huyu atalima nini? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mama watoto. Ninyi mtajuaje?"

Jumamosi asubuhi, bwana mifugo akiwa njiani, nilikuta mtego uko wazi. Sikuhitaji mpelelezi.

"Sumu ikiwekwa, wale saba watakufa pamoja naye," nilimwambia mume wangu. "Na utawazika wewe."

Akatoka bila kunywa chai. Saa sita mchana akarudi, shati limechanika, mikono imejaa alama za kucha, kiroba kinarukaruka begani. Bwana mifugo alipoandaa kisu, mume wangu akauliza kwa sauti ndogo, "Ganzi ipo?" Miaka yote ya maksai sikuwahi kumsikia akiuliza hilo. Akamshika paka mguu, akageukia ukutani, machozi yanamlengalenga. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumatatu mwenye mashine akaja na kopo la sumu. Tukamwambia wote wameshafungwa, hata dume. Hakuamini.

"Kuhasi dume ni kazi ya wanaume. Shahidi wenu nani?"

"Mimi," akasema mume wangu. "Nilimshika mguu. Huyu ameshatoa alichokuwa nacho. Ukitaka na roho yake, anza na yangu."

Mwenye mashine akaitazama mikono ya mume wangu, akalirudisha kopo mfukoni, akamwomba radhi. Yeye peke yake. Sisi wanne tulikuwa tumesimama palepale, na tulishamwambia jambo hilohilo mara tatu.