Oga Kwanza, Tata

Nikinusa sabuni ya kipande, namwona baba, tuliyemwita Tata, getini, nguo zimejaa vumbi la betri kuukuu za magari alizokuwa akivunja kazini. Damu ya mdogo wangu ilikuwa imepimwa ikakutwa na madini ya risasi, na muuguzi akasema vumbi hilo lisiingie nyumbani. Mimi, niliyeogopa hata kuitikia jina langu darasani, ndiye niliyesimama getini kila jioni na beseni la maji.

"Oga kwanza, Tata!"

Jirani alicheka. "Mwanaume mzima anafukuzwa kwake na mtoto!"

"Huyu ni askari wangu," baba akajibu, akivua shati.

Damu ilipopimwa tena, risasi ilikuwa imepungua. Jioni hiyo baba alioga. Mdogo wangu akamnyooshea mikono, lakini baba akaniinua mimi kwanza.