Uvimbe wa Sindano ya Mwanangu

Wiki kadhaa baada ya mwanangu kuchomwa sindano ya kukinga kifua kikuu, pale alipochomwa mkononi palivimba pakawa pekundu. Nilifurahi. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia mtaani kwetu Umoja, alileta wembe aupasue uvimbe.

“Usimguse,” nikamwambia, hasira imenipanda. “Utatia uchafu. Chembe nyeupe za damu zimekutana na mdudu dhaifu wa kifua kikuu aliyetiwa kwenye sindano. Habari imepita kutoka ngozi ya chembe hadi ndani, na huko ndani ikatoka amri: iteni wenzenu, mishipa ifunguke, damu ije. Huo uvimbe ndio kazi yenyewe.”

“Haya, daktari. Na nani ataziambia ziache?”

Biolojia ya kidato cha nne, nilikoishia, haikufika huko. Nikamfunga mtoto mgongoni, mbio hadi kliniki, nikamuuliza nesi swali lilelile. Akasema mdudu akishashindwa, chembe hizohizo hutoa amri ya pili, ya kutulia. Kumbe anayewasha ndiye anayezima. Nilirudi nikiruka mitaro kwa furaha.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. “Basi tungoje hiyo amri ya pili,” akasema. “Ikichelewa, mimi na wembe wangu bado hatujasafiri.”