Nauli ya Ruhembe

Njia yangu ya kwenda kazini ilikuwa moja tu. Ukitoka kwenye chumba nilichopanga unapita mbele ya stesheni ya Kilosa, kisha unaelekea bomani, ambako nilikuwa afisa mipango mpya, mtu wa kwanza wa kijijini kwetu kumaliza chuo kikuu. Na hapo stesheni, kando ya lango, alikaa bibi mmoja mwenye mguu uliovimba, akiomba nauli ya kwenda Ruhembe.

Kupita bila kutoa ningeweza. Kupita bila kumwamkia nisingeweza, nimelelewa kijijini, Berega. Nikisema shikamoo lazima nisimame kidogo, na nikisimama tu yeye huitikia marahaba, halafu, "Mjukuu wangu, nisaidie nauli. Mwanangu anakata miwa Ruhembe. Mkewe amejifungua."

Siku ya kwanza nilitoa. Siku ya pili alikuwa palepale, na maneno yaleyale. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi. Kama ni mwongo, nimeulea uongo wake. Kama ni mkweli, nilichotoa hakikutosha, kwa hiyo nimemwacha njiani. Chuoni tulikuwa tukibishana kwamba sadaka inamtuliza maskini asidai mabadiliko, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga meza. Sasa nilikuwa napita stesheni nikijifanya nasoma faili, na siku moja niligundua nimelishika juu chini.

Karani wa masjala, mtu wa makamo aliyekuwa akinitania tangu siku niliporipoti, aliliona jambo hilo.

"Ndugu msomi, bibi wa stesheni amekukosesha raha?"

"Anastahili kupewa shamba kijijini," nikasema. "Kila mtu ana haki ya ardhi."

"Alishapewa. Kilichobaki ni wewe kwenda kumshikia jembe."

Siku hiyo niliandika ripoti ya vijiji vya ujamaa, na kila nilipofika kwenye maneno "nguvu kazi" niliuona ule mguu.

Ilipotokea safari ya kikazi ya Mikumi nikaona nimepata dawa. Nitampandisha basi mwenyewe. Fedha haitapita mkononi mwake. Akikataa, nimejua, akikubali, amefika. Nilijivunia mpango huo kuliko mipango yote niliyowahi kuandika ofisini.

"Bibi, kesho naenda Mikumi. Twende wote, nami nitakulipia mpaka Ruhembe."

Hakufurahi. Aliutazama mguu wake. "Kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Mbona mapema hivyo, baba?"

Nikajua nimemkamata. Lakini asubuhi nilimkuta standi, kanga zake zimefuliwa, amepakata kikapu kitupu.

Mikumi tuliteremka kwenye barabara ya lami ili abadili basi. Nilikwenda kwa kondakta wa basi la Ruhembe, nikalipa, nikageuka kumwita. Bibi alikuwa ameketi chini karibu na muuza mahindi ya kuchoma, amewanyooshea abiria mkono.

Uso uliniwaka. "Bibi, nauli si nimelipa?"

"Umelipa. Mungu akubariki."

"Sasa?"

"Sasa naingiaje kwa mkwe mikono mitupu? Mtoto ameshaanza kukaa, bibi yake hajaleta hata kipande cha sabuni. Ulitaka niseme naomba hela ya zawadi? Wangenicheka. Nauli kila mtu anaielewa."

Mama yangu hakuwahi kuniruhusu kwenda hata kwa mjomba bila kunifungashia maharage. Nami nilikuwa nimepanga safari nzima ya mtu, na kikapu kile kitupu nilikiona tangu Kilosa, kisiniambie kitu.

"Ni mwanao," nikasema. "Hatajali."

"Yeye hatajali. Mimi je? Kilosa nawaomba watu wasionijua. Kule nikifika hivi nitakuwa nimekwenda kumwomba mwanangu."

Kondakta akagonga bodi ya basi. Ndani ya mfuko wangu kulikuwa na mche mmoja wa sabuni, nilioupangia foleni duka la ushirika, maana siku hizo sabuni ilikuwa haionekani. Nikawaza siku tatu za mikutano bila sabuni. Nikawaza shati langu moja jeupe. Nikawaza: nusu. Nikamwomba muuza mahindi kisu.

Bibi alinitazama nikiuweka mche juu ya ubao.

"Nusu, mjukuu wangu? Mkwe atadhani nimeiokota."

"Mpe mzima, kaka," akasema muuza mahindi, "unirudishie kisu changu."

Nikampa mzima. Hakushukuru. Aliuweka kikapuni, akaufunika kwa pindo la kanga, akapanda. Nilimsikia akimwambia jirani yake wa kiti, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Yule ni mjukuu wangu, ananisindikiza. Anafanya kazi bomani." Kisha akachungulia dirishani. "Haya, baba. Wasalimie nyumbani."

"Zimefika, bibi."

Siku tatu nilioga maji matupu. Nilikuwa na amani kwa muda, halafu nikaanza kuitilia shaka.

Wiki chache baadaye nilimkuta tena kando ya lango la stesheni. Kitu cha kwanza kilichonijia, naona haya kukiandika, ni kwamba nimetapeliwa. Nikamwamkia. Akaitikia, akanieleza: mtoto ni mnene, na mkwe alifua kwa sabuni ile mpaka majirani wakaja kuomba kipande.

"Mbona hukukaa?"

"Chumba kimoja, watu watano. Kwa mwanao unakwenda, hukai."

Nikasubiri aombe nauli. Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni. Safari hii ningetoa bila kuuliza ya wapi wala ya nini.

"Leo sitaki nauli," akasema. "Nina njaa tu."

Nauli ina mwisho wake: mtu anafika. Hii ingekuwapo kesho, na keshokutwa, na kila asubuhi ambayo ningekuwa Kilosa. Nikatoa nilichokuwa nacho, nikaondoka upesi. Nilipokaribia bomani nikakumbuka sikumuuliza kama jana alikula. Karani alikuwa mlangoni, ameniona. Nikageuka, nikarudi stesheni.