Boti ya Kumleta Hadija

Nilitoka nyumbani Bilele kwa sababu moja. Dada yangu Hadija, aliyeolewa na mvuvi mgeni na kuhamia kisiwani upande wa Muleba, alikuwa amefiwa na mume. Kwetu mwanamke akifiwa hurudi kwa kaka yake, nami nilikuwa nimekwisha kumpakia chumba chokaa. Kilichobaki kilikuwa chombo cha kumleta. Magoti yake hayakunjiki tena, na mitumbwi ya abiria hujazwa magunia hata mzima hukosa pa kuweka mguu.

Wakati huohuo mjukuu wangu Twaha alikuwa akitafuta boti ya kazi. Kazi yenyewe ni hii: mgeni husimama juu ya ubao, hushika kamba, na boti humvuta ziwani huku akirukaruka. Mimi naiita kazi ya walioshiba. Hata hivyo boti ingenunuliwa kwa fedha za kuuza miti niliyoipanda mimi, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa langu.

Baada ya swala ya alfajiri tulipanda basi. Kila ziwa lilipojitokeza upande wa kushoto, katikati ya migomba, nilikuwa nageuka kulitazama.

"Babu, shingo inauma?" aliuliza Twaha.

"Naangalia ninakokwenda. Wewe angalia mfuko wa fedha."

Muleba tulishuka sokoni. Nilimnunulia Hadija mkungu wa ndizi, maana kule kisiwani mawe ni mengi kuliko migomba. Kisha bodaboda zikatuteremsha mpaka mwaloni, pale vyombo vinapotia nanga, ambako mwenye boti, Projestus, alikuwa ametutengea mbili tuzijaribu.

Ile ndogo ilikuwa na viti vichache, na mtu mmoja aliweza kuisukuma majini peke yake. Kubwa ilizungukwa na viti pande zote, na nyuma ilikuwa na benchi pana la kulala. Chini ilikuwa na matangi ya kujazwa maji ya ziwa ili izame kidogo na kuinua wimbi nene.

"Babu, ndogo inanitosha," alisema Twaha. "Anayejifunza ubao hataki wimbi la kumpindua."

"Na Hadija atalala wapi? Mapajani mwako?"

Projestus alicheka. "Mzee, kubwa inataka kina. Kule kisiwani haitafika mchangani."

"Ifike inapofika. Tuondoke."

Tuliondoka na ile kubwa. Projestus, akitaka kutuonyesha nguvu za boti, alijaza matangi. Wimbi letu likakimbia mpaka ufukweni na kulowesha dagaa walioanikwa.

"Enyi wenye jumba la majini!" mwanamke mmoja alipaza sauti. "Dagaa wetu walishakauka, mnawafundisha tena kuogelea?"

Nilimwamuru Projestus amwage maji na kupunguza mwendo. Moyoni, lakini, nilikuwa nimeridhika. Chombo hakikutikisika, na tayari nilikuwa namwona dada yangu amelala juu ya benchi lile, akirudi nyumbani.

Kisiwani boti ilisimama mbali na nchi kavu. Mbebaji wa abiria alitufuata, maji yakimfika kiunoni.

"Panda mgongoni, mzee. Usiogope, jana nilibeba jenereta."

Hadija alikuwa ameketi mlangoni, miguu imenyooka mbele yake. Amekuwa mdogo, dada yangu. Alinishika mkono akakaa nao muda mrefu. Kisha aliagiza kibakuli cha kahawa ya kutafuna, akaniwekea punje kiganjani, kama anavyopewa mgeni yeyote. Punje zile zilinichoma.

"Kusanya nguo," nilimwambia. "Nimekuja kukuchukua. Botini kuna mahali pa kulala."

"Waitu, kaka wa kwetu, na huyu namwachia nani?" Alionyesha kwa kidevu kaburi la mumewe nyuma ya nyumba.

"Kwetu mjane hurudi. Unalijua hilo."

"Nalijua. Lakini miaka yote hii nilikungoja uje. Kuchukuliwa sikukungojea."

Nilimfokea. Aliniacha nimalize, akauliza kama ndizi zile ni za kupika leo au za kubaki. Tulizipika. Tulikula tukiwataja wazazi wetu, naye alicheka mara moja kicheko chake cha usichana, nikasahau nililokuwa nikisema.

Jioni upepo ulipoanza tulirudi. Benchi lilikuwa tupu. Tulipofika mwaloni nilimwambia Twaha, "Chukua ile ndogo."

"Babu, si ulisema—"

"Nimesema chukua ndogo. Inafika mchangani."

Nimejifunza kwamba boti kubwa ni ya kumhamisha mtu. Ndogo ni ya kumtembelea. Hadija amechagua kutembelewa. Hata hivyo chombo kidogo hakivuki ziwa likichafuka. Ndiyo maana kila siku baada ya swala ya alfajiri nampigia Twaha simu, kule mwaloni anakofanyia kazi, na kumuuliza habari za ziwa kwa neno moja tu: "Limelala?"

Siku nyingi hujibu, "Bado, Babu." Siku akisema limelala, jibu hunikuta nimekwisha kuvaa viatu.